Taarifa ya Siku Moja

Huguette aliisoma karatasi ile mara tatu, kidole kikifuata mistari, na mama mwenye nyumba akamngoja bila kuguna. Mama huyo aliitwa Acayo, mke wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha Huguette kilikuwa cha Bukavu, na kwa viwili hivyo walielewana. Ndiyo sababu hata mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kiswahili, ingawa pale Kawempe majirani karibu wote walikuwa Waganda.

Vifungu vilikuwa sita. Jina la mwenye nyumba, Ogwal, na jina la mpangaji. Chumba kipi, cha tatu kutoka bombani, na choo ni cha watu wangapi. Kodi na siku yake. Umeme wa yaka, ule wa kulipia kabla, anunue mpangaji. Paa likivuja ni kazi ya mwenye nyumba, kioo kikivunjika ni cha mpangaji. Anayetaka kuvunja mkataba amwambie mwenzake mwezi mmoja kabla.

"Hapa kuna kitu kimekosekana," Huguette akasema.

"Kitu gani, mwanangu? Mwenyekiti wa mtaa amewapigia wapangaji wanne muhuri kwa maneno haya haya."

"Hamkuandika mwenye nyumba ataingia namna gani."

Alikopanga kabla ya hapa, mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake. Hakuiba hata sindano. Lakini Huguette alikuwa akirudi kutoka madukani Kikuubo na vitenge vyake kichwani, anakuta kitanda kimebonyea katikati, mkasi aliouacha kushoto umehamia kulia. Alipouliza, yule bwana alicheka: nyumba yangu, nibishe hodi kwangu? Mwaka mzima Huguette alilala cherehani imesukumwa mlangoni. Sasa hakutafuta vigae wala dari. Alitafuta mlango unaomsikiliza yeye.

"Andika hivi, mama. Mwenye nyumba hataingia mpaka atoe taarifa siku moja kabla, na ataje saa. Na mimi nikitaarifiwa, sitamkatalia."

Acayo aligeuka. Akautazama ukuta wa chumba cha tatu, akateremsha sauti.

"Wanne wote hao, hakuna aliyeuliza hilo."

"Mimi nauliza."

"Basi itabidi nimpelekee mzee wangu, Ogwal. Chumba ni chake, saini ni yake. Mimi ni wa kufagia uwanja. Wanaume wa jeshi, mwanangu, hata chumvi inaombewa ruhusa."

Siku mbili baadaye karatasi ilirudi. Kifungu cha saba kilikuwamo, na chini yake sahihi ya Ogwal, herufi nyembamba zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Karatasi ilikuwa baridi, utadhani imetolewa chini ya mtungi. Huguette akasaini, akahamia siku hiyo hiyo.

Wiki tatu zilipita vizuri. Alishona, aliimba, aliacha mkasi kushoto na kuukuta kushoto. Kuna siku alirudi kutoka sokoni akasimama mlangoni kwa muda, akiangalia tu vitu vyake vilivyotulia, kama mtu anayewahesabu vifaranga.

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, alitandika kitambaa cheusi mezani akate sketi. Akafunga kufuli, akaenda bombani. Hakukawia, ndoo moja tu. Aliporudi, kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Lakini juu ya kitambaa, kwa chaki yake mwenyewe ya ufundi, paliandikwa kwa herufi kubwa za kulala upande:

KESHO SAA NNE. KUKAGUA.

Akatazama simu. Ilikuwa saa nne kamili.

Huguette alimfuata Acayo uwanjani, amebeba kitambaa mikononi kama mtoto mgonjwa.

"Mama, mmebaki na ufunguo."

Acayo alikuwa akipepeta mbegu za simsim. "Funguo ni mbili, zote nimekupa."

"Basi mzee ameingilia wapi?"

"Ametaja siku?"

"Ametaja."

"Na saa?"

"Na saa."

Acayo akaweka ungo chini polepole. Machozi yalimlengalenga, ila uso ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari njema.

"Basi amekubali. Wale wanne alikuwa anaingia tu kwao, muda wowote. Hakuna aliyemaliza miezi miwili. Ogwal tulimzika Lira, mwanangu. Huu ni mwaka wa tano."

Huguette akakibana kitambaa kifuani. "Na saini?"

"Niliacha karatasi na kalamu ndani ya chumba, nikafunga, nikaenda kanisani. Nilirudi nikakuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungepanga?"

Huguette alikikunja kitambaa, akarudi chumbani. Usiku ule alifunga mizigo, kisha akaifungua. Ahamie wapi? Kwa mwenye ufunguo mwingine? Yule wa kwanza alikuwa hai, anakula na kunywa, na hakubisha hodi hata siku moja.

Kesho yake, jua likiwaka uwanja mzima, viatu vizito vilikuja kibarazani vikasimama. Mlango ukagongwa mara mbili, kwa adabu. Huguette akaweka mkasi chini.

"Karibu."

Pazia likasogea, likarudi. Hakuonekana mtu. Harufu ya mafuta ya bunduki na udongo uliolowa ikaingia. Komeo la dirisha likavutwa, likajaribiwa. Kifuniko cha mita ya yaka kikainuka, kikashuka. Pale ukutani penye ufa, plasta ikadondoka kidogo, kama imekwanguliwa kwa ukucha. Mambo ya mwenye nyumba, hasa. Huguette alisimama kando na mikono kifuani, akifuata kwa masikio alikokuwa mgeni wake. Mwisho, kiti cha wateja kikalia, kikabonyea.

Hakikurudi kama kilivyokuwa.

Saa tano ilipita. Huguette akakaa kwenye cherehani akashona, mgongo ukutani. Saa sita, Nafuna wa chumba cha kwanza akaja kupimwa gauni la gomesi. Alifungua pazia, akaangalia kiti, akarudi nyuma.

"Samahani, sikujua una mgeni. Nitarudi mzee akiondoka."

Hapo ndipo Huguette alipoliona kosa lake. Akautoa mkataba chini ya godoro, akakisoma kifungu cha saba kwa kidole. Ataingia, siku moja kabla, ataje saa. Kwamba atatoka, hakuna mahali palipoandikwa. Na huyu alikuwa mtu wa amri. Hangefanya ambacho hakikuandikwa.

Alichukua kalamu. Mwandiko wake wa darasa la saba ulitoka safi: Kifungu cha nane. Akimaliza kukagua, atatoka, hatazidisha nusu saa. Akasaini. Akaivuta meza hadi mbele ya kile kiti, akaweka karatasi, kalamu juu yake.

"Mzee Ogwal," akasema, "chumba umekiona. Dirisha ni zima, ufa si mimi niliouleta. Mimi sikufukuzi. Nina kazi, na wateja wangu wako nje. Saini hapa."

Akageuka, maana si heshima kumkodolea macho mkubwa anapoandika. Nyuma yake kalamu ilikwaruza. Ilikwaruza kwa muda mrefu kuliko sahihi. Kisha kiti kikalia, viatu vikapita karibu naye kiasi cha kuinua pindo la gauni lake, na pazia likatulia.

Sahihi ilikuwapo. Chini yake palikuwa na kifungu cha tisa, kwa herufi kubwa:

MPANGAJI AKIHAMA, ANIAGE MIMI MWENYEWE.

Huguette alikisoma mara tatu kama kawaida yake. Aliwafikiria wale wanne, vitanda vyao juu ya bodaboda asubuhi na mapema, hakuna aliyegeuza shingo kuaga. Akawaza pia siku yake mwenyewe itakapofika, atakavyosimama humu ndani, peke yake, na kusema kwa sauti kwamba anakwenda, na jibu atakalopewa. Kukataa angeweza. Lakini cha nane kilikuwa kimesainiwa tayari, na mwenzake alikuwa ametimiza.

Akasaini.

Akatoka kibarazani. "Nafuna, njoo. Ameondoka."

Nafuna akaja, akakizunguka kile kiti kwa mbali, akasema leo atapimwa amesimama.