Zamu ya Mita Kumi

Jumamosi ya mashindano ya klabu za redio, ya nani atawasiliana na vituo vingi zaidi, saa tisa na robo alasiri, Dawid Klaaste alifuta ubao kwa kiganja akaandika tatu. Ndizo mara zilizobaki kwa kituo kuhama bendi, yaani masafa ya mawimbi, kabla saa haijaisha. Sheria ilitoa nane kwa kila saa, na kazi ya Dawid, akiwa na miaka sitini na minane, ilikuwa kuzigawa: lini watoke mita ishirini, lini waende kumi na tano, lini warudi. Kibodi hakuigusa. Alikaa nyuma ya waendeshaji wawili, kahawa mkononi, akisikiliza milio ambayo kompyuta iliigeuza kuwa maandishi.

Waendeshaji walikuwa Marlize Venter, mwalimu wa hesabu, na Luvuyo, fundi wa reli. Walimwita Oom Dawid, kama kila mzee wa mji wa Vaalpan anavyoitwa.

"Mita kumi," alisema. "Sasa hivi."

"Oom, huku ishirini Wajerumani wamepanga foleni," alisema Luvuyo.

"Waache. Foleni wanaiweza. Kumi imefunguka."

Luvuyo akahama, Dawid akaandika mbili ubaoni, Marlize akaita. Jibu likaja kwenye kioo cha kompyuta herufi moja moja, zote kubwa, kwa mwendo wa mashine za teleksi za zamani. Lilitoka kituo cha klabu ya Vaalpan, yaani chao wenyewe, na tarehe iliyokuja nalo ilikuwa Oktoba 1979.

"Ni sisi," alisema Luvuyo. "Tukijijibu wenyewe tunapata pointi ngapi?"

"Moja," alisema Dawid. "Nchi ni ileile."

HAPA NI FANIE, KOOS NA GERT, kioo kiliandika. JUA KALI HUKU. MWAONAJE?

Fanie alikuwa babu yake Marlize, aliyezikwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Marlize aliziweka nywele zake sawa kwanza, ndipo akamwuliza hali ya goti. GOTI LIPI? akajibu babu, kwa kuwa lilikuwa bado halijaumia.

Dawid alinusa mafuta ya mashine. Mwaka ule alikuwa fundi wa teleksi wa posta, na klabu ilimwazima pamoja na mashine yake. Uanachama ulikuwa wa wazungu tu, na viti vilikuwa vya wanachama, kwa hiyo yeye alisimama nje chini ya dirisha, akisikiliza, akihamisha nyaya za antena kwa mikono. Utepe wa karatasi wenye matundu ulimwagika dirishani hadi miguuni pake. Sanna, mchumba wake, alimletea vetkoek za moto, maandazi ya kukaanga, na kumpitishia juu ya uzio. Hakuwahi tena kuwa na Jumamosi tamu kama zile, na jambo hilo lilimuudhi.

NANI ANAWAPANGIA BENDI? Marlize aliandika.

BOI WA NYAYA. ANA MASIKIO YA POPO.

Luvuyo aligeuka. "Boi! Oom, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili. Nilishachumbia."

Shingo ya Marlize ilikuwa nyekundu. Aliandika haraka: ANAITWA DAWID KLAASTE. MWANDIKE KWENYE DAFTARI, BABU.

Babu akajibu:

NI MTU MZURI. LAKINI DAFTARI NI LA WANACHAMA. NA MWENYEWE HAJAWAHI KULALAMIKA.

"Ni kweli, Oom? Hukulalamika?" aliuliza Luvuyo.

"Nililalamika kwa Sanna. Kila Jumamosi. Aliyechoka ni yeye."

"Nipe dakika tano nimbembeleze," alisema Marlize. " Babu hakuwahi kuninyima kitu."

Dawid alitega sikio. Chini ya milio, mita kumi ilikuwa imeanza kulegea. Kwenye kumi na tano Wajapani walikuwa wanaingia, na klabu ya mji jirani ilikuwa mbele yao kwa mawasiliano arobaini. Ulikuwa wakati wa kuhama.

"Muulize kwanza," alisema, "kama kuna msichana kwenye uzio."

YUPO, kioo kiliandika. AMELETA VETKOEK. KOOS AMEKULA NNE.

"Hizo zilikuwa zangu," alisema Dawid. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akafungua kinywa, na kioo kikaandika wakati uleule: BOI ANASEMA KUMI INAFUNGA, TUHAMIE KUMI NA TANO.

"Kumi inafunga," alisema Dawid. "Kumi na tano, binti. Twende."

Marlize akaaga. Wakahama. Dawid akafuta mbili akaandika moja.

Walimaliza wa pili. Waandaaji waliyapokea mawasiliano yale, wakayapa pointi moja, wakawaomba tu warekebishe saa ya kompyuta.

Jumatatu alasiri Marlize alitoa daftari la 1979 kabatini. Mawasiliano yale ya Jumamosi yalikuwamo, kwa mwandiko wa babu yake, na juu ya ukurasa yalikuwapo majina matatu ya waendeshaji. Marlize aliongeza la nne kwa kalamu ya wino. Likafifia kabla hajakaza kifuniko. Akaandika tena kwa kalamu nyingine, nalo likapotea.

"Kalamu hazina kosa," alisema Dawid. Alivuta daftari kwake. Majina hakuyatazama. Aliteremsha kidole polepole kwenye safu ya bendi: ishirini, kumi na tano, kumi, kumi na tano, ishirini, kila moja na dakika yake ya kuhama, ukurasa hadi ukurasa.

"Hizi zote ni zangu," alisema.

Marlize akajaribu kwa penseli. Penseli nayo haikushika.