Sheria ya Ornella

Ornella aliisikia ile sauti akajua ni yenyewe. Fyuuu... hafifu, ikipanda, kisha kimya. Nyota mbili za nutroni, maiti za nyota zilizo nzito kuliko jua, zimezungukana huko mbali mpaka zikagongana, na mtikisiko wake umefika hapa uwandani karibu na Pisa, kwenye mabomba marefu ya mtambo wao wa kunasa mawimbi ya uvutano, na kompyuta ikaugeuza sauti. Amezitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Na mwezi ujao anastaafu.

Tatizo ni trekta. Dakika ileile jirani yao Gualtiero alikuwa analima, ardhi ikatikisika. Na sheria ya kikundi chao cha utafiti inasema ardhi ikitikisika, data ya dakika hiyo inatupwa, hata iwe imebeba malaika. Sheria hupangwa kabla data haijafunguliwa, mtu asije akachagua anachokipenda. Aliyeipigania hiyo mpaka ikapita ni Ornella mwenyewe.

Mkutanoni akasimama. "Jamani, trekta linanguruma chini, nyota zinaimba juu. Kiziwi tu ndiye hasikii tofauti!"

Watu wakaangalia vikombe vyao vya kahawa. Fosco, mchambuzi anayeishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, akacheka kwa pua.

"Dokta, hotuba hiyo naijua. Mwaka jana niliitoa mimi, kwa nyota zangu."

"Zako zilikuwa kelele, Fosco."

"Ulizisikiliza?"

Hakuzisikiliza. Siku ile alisema sheria haina masikio, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mkuu wa kikundi akaingilia kati. "Haya, tumwachie mama wa watu. Anastaafu, jamani. Iwe zawadi yake. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda, hata wa Fosco. Hapo ndipo moyo wa Ornella ulipochomwa. Walikuwa wanampa nyota kama mstaafu anavyopewa saa ya ukutani. Na nyota ya kupewa nani ataiamini?

"Shusheni mikono," akasema. "Itupwe."

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kwenye korido akamkuta Fosco anavaa koti.

"Zile zako," Ornella akasema, "zilisikikaje?"

"Leo ndiyo unauliza?" Fosco akafunga vifungo vyote kabla hajaendelea. "Nilimpigia mama yangu simu nikamsikilizisha. Akalia kwa furaha. Kesho yake nikampigia tena, nikamwambia lilikuwa trekta."

Akatoka kwenda kula.