Ukungu Kwenye Kioo Kipya

Mwaka mzima Ismail aliilaumu televisheni ya zamani. Kila akikaa kutazama taarifa ya habari, alinung'unika kwamba picha imechakaa, nyuso za watu zimefifia. Rahima, mkewe, aliziona nyuso zile vizuri tu, lakini hakutaka ugomvi. Mwishowe Ismail akaleta nyumbani kwao Timbwani televisheni bapa ya inchi sitini na tano, ikajaza ukuta wa sebule karibu wote.

Fondo, fundi aliyekuja kuifunga, aliiwasha saa nane na nusu mchana. Binti yao Ibtihal akaruka kutoka kitini.

"Mama, njoo uone! Vinyweleo vya mkononi mwa mtangazaji vinahesabika!"

"Subhanallah," akasema Rahima. "Kama yumo humu ndani na sisi."

Ismail alikaa hatua nne kutoka ukutani. Akapepesa macho, akayapangusa kwa ncha ya shati, akatazama tena. Aliona buluu na wekundu vikivujiana, na juu yake ukungu uleule wa mwaka mzima.

"Fondo, picha yako hii ina ukungu."

Fondo akacheka, kisha akaona mwenzake hachezi. Akashika rimoti, akaongeza mwanga, akabadilisha stesheni.

"Sasa je, mzee?"

"Bado. Nimeuziwa kibovu."

Rahima akamgeukia mumewe, akauliza taratibu, "Baba Ibtihal, hapo chini ya picha pameandikwa nini?"

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Nisomee neno moja tu."

Ismail akakaza macho. "Taarifa ya habari," akabahatisha.

"Baba," akasema Ibtihal, "ni tangazo la sabuni."

Fondo akakusanya vyombo vyake, akaaga kwa sauti ya chini, akatoka.

Ilipofika saa tisa na nusu Ismail akainuka, akachukua funguo za basi la shule. Watoto thelathini na wawili walikuwa wakimsubiri saa kumi awarudishe makwao. Rahima akasimama mlangoni.

"Niondokee, Rahima."

"Wallahi hupiti. Juzi ulipopanda ukingo wa barabara ulisema ni tairi. Kabla ya hapo ukamkwangua mtu wa mkokoteni, ukasema yeye ndiye aliyekuingilia. Watoto wa watu wale!"

"Miaka ishirini na sita naendesha! Nikiliacha basi, nitakuwa nani?"

Rahima hakusogea. Ismail akainua mkono kama atakayemsukuma, kisha mkono ukaanguka wenyewe. Akakaa chini pale pale sakafuni.

"Sura zao sizioni tena," akasema. "Nawajua kwa sauti. Asiyesema, simjui."

Ibtihal akampa simu. Ismail akampigia mwenyewe Mwalimu Gladys, mkuu wa shule, akamwambia atafute dereva mwingine, leo na kesho na siku zote, kwa kuwa macho yake yamemtupa. Alisema yote bila kumficha. Gladys akasema, "Pole, mzee Ismail. Ahsante kwa kuniambia."

Wakakaa wakisubiri, hakuna aliyeigusa rimoti. Saa kumi na moja na robo Gladys akapiga: mtoto wa mwisho amefika kwao salama.

"Alhamdulillahi," akasema Ismail. Akamgeukia mkewe. "Kliniki ya macho ni siku gani?"

"Jumanne. Nitakwenda nawe."

Jumanne daktari alikuta mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kushoto, alisema, likipasuliwa litaona. La kulia hakuahidi.