Jagi la Jonah

Karai liligongwa mara tatu, likanyamaza, likagongwa tena. Wauza nyanya wa soko la Emali waliujua mlio huo kabla ya kumwona mtu. Walifunika mafungu yao kwa magunia wakasogea kwenye uwanja nyuma ya stesheni ya reli, na madereva wa malori wakashuka na vikombe vyao vya chai mkononi.

Ndipo Ndila akatokea. Alikuwa na miaka arubaini na miwili, lakini mtu aliyeingia kwenye mchanga wa ule uwanja alikuwa na themanini. Nywele alizipaka unga, uso aliupaka majivu, na ndani ya kiatu cha kushoto aliweka kokoto ili asisahau kuchechemea. Jonah alimfuata na jagi la plastiki. Kwa miaka kumi na moja Jonah alikuwa mwanawe mchezoni, mumewe, chifu wake, na mwizi wa mbuzi wake. Mwaka huo wa 1986 alikuwa mhudumu wa nyumba ya wazee, anayekuja kumwogesha.

"Vua, susu," Jonah alisema, kama mtu anavyomwita nyanya yake. "Wengine wanangoja."

"Hapa uani?"

"Kwani wewe uko na nini ambacho wengine hawana?"

Watu wakacheka. Walicheka zaidi Jonah alipoivuta leso ya Ndila, naye Ndila akaivuta, huku na huku, kama watoto wanaogombania kamba. Kisha Ndila alimtazama usoni, akamtambua, akajifunika kichwa kwa leso ile ile.

"Mimi ni mama wa mke wako," alisema.

Pale hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamume akikutana na mama mkwe njiani huingia vichakani ampishe. Hali chakula naye, hamtazami machoni. Jagi lilimponyoka Jonah likaanguka. Alimpa mgongo akaenda zake. Jagi hilo lilikuwa tupu, siku zote lilikuwa tupu, lakini kuna wanawake waliojifuta uso kana kwamba wamerushiwa maji. Ndila akabaki peke yake, akaimba:

*Mgongo uliwabeba, leo mwauona mbao;*
*Nivueni kwa haiba, si mbele ya macho yao.*

Baadaye alisimama wima na kusema kwa sauti yake mwenyewe alichokuwa akikitaka: kibanda cha kuogea cha mabati chenye mlango, na wanawake waogeshwe na wanawake. Alikuwa amelisema hilo Emali, amelisema Mwingi, amelisema mbele ya makanisa mawili yaliyomfungia milango.

Mchezo huo hakuutoa kichwani. Krismasi iliyopita alikwenda kuwaimbia wazee katika nyumba moja nje ya Makindu, na bibi kizee aitwaye Kasyoka alimshika mkono asiuachilie.

"Anayetuogesha ni Mutunga," Kasyoka alimnong'oneza. "Mutunga amemwoa mtoto wa dada yangu. Kila Jumamosi mkwe wangu ananivua hapo uani, na wanaokuja kuchota maji wanapita. Nikamwambia mwenyekiti wa komiti, akasema hayo tuliyaacha tulipookoka."

"Nitasema, susu."

"Sema. Lakini usiseme ni mimi. Mwanangu hanitaki, na hawa wakinitoa sina pa kulala."

Ndila aliapa. Jina lile alimwambia mtu mmoja tu, kwa sababu hangeweza kucheza na mtu asiyejua uchungu wa mchezo ulikotoka.

Mwezi wa nane ikaja barua. Komiti ya nyumba ile ile ilikuwa inawaalika waje kucheza siku ya wageni. Ndila aliisoma mara mbili, akampa Jonah.

"Wanajua mchezo ni upi?"

"Wanajua," Jonah alisema. "Nilikuambia iko siku watasikia. Mwishoni nitaongeza kitu kidogo. Wewe cheza tu vile hucheza, dada."

Siku hiyo turubai lilifungwa uani, mahali pale pale pa kuogea, na wageni waliotoka Machakos na Nairobi wakapewa viti. Wazee waliketishwa nyuma kwenye mabenchi, juani, kila mmoja na blanketi jipya magotini katika joto lile. Mwenyekiti Kiilu aliomba kwa muda mrefu, akaishika tai yake, akakaa.

Ndila alicheza kuliko siku zote. Alijua Kasyoka yuko nyuma ya viti hivyo. Alijua Mutunga amesimama karibu na tangi la maji, na kwamba wageni hawa, wakitaka, wanaweza kujenga vibanda kumi kwa wiki moja. Aliivuta leso, akaivuta tena, wageni wakacheka. Akamtazama Jonah usoni, akajifunika.

"Mimi ni mama wa mke wako."

Akangoja jagi lianguke.

Jagi halikuanguka. Jonah aliwageukia wageni akatabasamu.

"Susu, hayo ni ya zamani," alisema. "Siku hizi sisi sote ni ndugu katika Bwana."

Akammiminia. Lilikuwa na maji.

Yalikuwa baridi, na yalikuwa mengi. Unga wa nywele uligeuka uji ukamwingia machoni, leso ikamganda mwilini, na watu wakacheka kicheko cha kushukuru, kile cha mtu aliyeogopa kulaumiwa akakuta halaumiwi. Walipiga makofi. Kiilu alipiga zaidi ya wote. Ndila, ambaye kwa miezi minane aliigiza fedheha ya mwanamke mwingine, alisimama pale akitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Na susu mwenyewe tuko naye hapa," Jonah alisema. "Kasyoka, simama wakuone."

Mutunga alimleta amemshika kiwiko. Kasyoka alikuwa amevishwa leso mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na uso wake aliugeuzia upande ambao mkono wa Mutunga haukuwepo. Kiilu alimwinamia.

"Susu, kuna watu wanasema sokoni eti hapa mnaogeshwa vibaya. Ni kweli?"

"Hapana."

"Mnaogeshwa vizuri?"

"Vizuri."

"Amina," Kiilu alisema, na watu wakasema amina.

Jonah alimkuta Ndila nyuma ya jikoni. Alikuwa amemletea taulo.

"Jifute. Utashikwa na homa."

"Uliwaambia jina."

"Walikuwa karibu wajue."

"Walikuwa hawajui, Jonah."

Jonah alitazama nyuma yake, akapunguza sauti. "Mimi nimekuwa chifu wa uongo, nimekuwa mwizi wa uongo. Mwisho wa mwezi huu nitakuwa supavaiza wa ukweli, hapa hapa. Hilo bafu nitalijenga nikiwa ndani. Wewe unalia sokoni, watu wanalia na wewe, halafu wanarudi kuuza nyanya."

"Utalijenga lini?"

"Polepole. Lazima komiti ikae."

"Na Jumamosi hii nani atawaogesha?"

Jonah aliangalia taulo lililokuwa mkononi mwake, ambalo hakuna aliyelipokea.

"Mutunga," alisema.

Wageni walikuwa wakila pilau Ndila alipoingia chumba cha wanawake, vitanda kumi na viwili vimepangwa kama vya bweni. Kasyoka alikuwa amelala kwenye kitanda cha mwisho, ameelekea ukutani. Leso mpya ilikuwa imeshachukuliwa. Blanketi pia.

"Susu, ni Ndila."

"Najua. Unanuka unga."

Ndila alichuchumaa kando ya kitanda. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kwenye sakafu.

"Uliniapia," Kasyoka alisema.

"Nilimwambia mtu mmoja."

"Basi ulisema."

Angeweza kumtaja Jonah. Angeweza kueleza ile miaka kumi na moja, na jinsi mtu anavyomzoea mwenzake mpaka anamhesabu kama kiungo chake mwenyewe. Alimeza yote hayo.

"Nilisema," alijibu.

Nje kuna mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti. Kasyoka akageuka polepole, mfupa baada ya mfupa, mpaka uso wake ukafika mbele ya uso wa Ndila.

"Yule mwenye jagi nimemsikia dirishani. Alikuwa anamwambia askari wa geti asikufungulie tena."

Ndila alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, na haukumshika.

"Jumamosi nitakuja na ndoo yangu na leso mbili za kuzungushia," alisema, kwa sauti ambayo vitanda vyote viliweza kuisikia. "Wakinifungulia, nitakuogesha mimi. Wakinifungia, nitakaa nje ya hilo geti tangu asubuhi, na kila atakayepita nitamwambia nimekatazwa nini. Na jina nitakalolitaja, susu, ni langu tu."