Mgeni Rasmi Awashe Mwenyewe

Suhaib aliingia gereji ya Chausiku, kule Chamazi, na suti ya bluu na wazimu wa itifaki. Shahada ya uinjinia anayo, kaitundika ukutani sebuleni, lakini spana hajui inashikwa upande gani. Ila ndiye mkwe wa Mzee Hashil, mwenye kiwanja, basi shughuli akapewa yeye aiandae.

Na shughuli yenyewe haikuwa ya mchezo. Mzee Hashil alitaka kuivunja gereji ajenge godauni. Chausiku, aliyefanya ufundi pale kwa miaka kumi na tisa, akamwomba jambo moja: aione kwanza jenereta yake inayotumia spiriti ya makapi ya miwa. Mzee akakubali, na mgeni rasmi awe yeye mwenyewe. Ikiwaka mbele za watu, gereji inabaki. Isipowaka, Jumatatu anabomoa.

Mashine haina uchawi wowote. Spiriti inapita kwenye bomba la shaba lililozungushwa kwenye ekzosi, na ule moto unaotupwaga hewani bure ndio unaoipika, ikageuka gesi kabla ya kuingia kwenye injini. Inakula kidogo, na moshi hamna. Sharti ni moja tu: ekzosi iwe ya moto. Kwa hiyo unaanza na petroli kama robo saa, ndipo unageuza koki.

Chausiku alimweleza Suhaib hayo mara tatu. Mara tatu, jamani!

"Sista, mgeni rasmi akiona petroli si atasema tunamdanganya?" alisema Suhaib, na tangi la petroli akaling'oa.

"Basi niache niipashe moto kabla hajafika."

"Haiwezekani. Mgeni rasmi ndiye anayezindua. Atazinduaje kitu kilichokwishawaka?"

Loh! Chausiku alimtazama juu mpaka chini, akakosa pa kuanzia kumtukana. Jamaa akaipaka jenereta rangi ya dhahabu, akaifunga utepe mwekundu, akapiga nayo picha. Jenereta nyingine, ile kuukuu ya kwanza Chausiku kuitengeneza, akaifukuzia nyuma ya turubai kwa kuwa ina kutu na inaaibisha. Ila nyaya za vipaza sauti akaamuru zichomekwe kwenye hiyo hiyo. Chausiku aliiwasha tangu asubuhi, akaigeuza kwenye spiriti, nayo ikawa inanguruma. Msomi wetu hakujisumbua hata kuuliza inakunywa nini.

Hotuba zilianza saa nne. Suhaib alimsalimu mwenyekiti, makamu wa mwenyekiti, waliofika, walioko njiani na waliopata udhuru. Saa sita ndipo Mzee Hashil akakata utepe, akavuta kamba. Mashine ikakohoa. Akavuta tena. Akavuta mpaka kanzu ikamganda mgongoni.

"Ekzosi ya baridi hiyo!" alisema Chausiku. Nani amsikilize?

Mzee akarudi kwenye maiki. "Nilijua mie. Spiriti ni ya kusafishia vidonda. Haijaendesha mashine, wala haitaendesha!" Sauti ilifika mpaka barabarani. "Kwa hiyo, Jumatatu…"

Chausiku alikuwa ameshafika nyuma ya turubai. Akafunga koki. Injini ikakata, na Jumatatu ya Mzee ikaishia hapo hapo.

"Nani kazima?" Suhaib alikuja mbio.

Chausiku akalivuta turubai lote chini. "Mie. Shikamoo, Mzee. Saa mbili nzima mnahutubu kwa spiriti. Njoo unuse tangi."

Mzee Hashil kauza karafuu na mafuta ya taa miaka arobaini. Pua yake anaiamini kuliko shahada za watu. Akanusa. Akapitisha kidole kwenye turubai jeupe lililokaa jirani na ekzosi, akakuta hakuna hata tone la masizi.

"Washa," alimwambia Chausiku, "nimalizie hotuba."

"Malizia kwanza. Gereji inabaki?"

"Inabaki," Mzee akanong'ona.

"Watu wa nyuma hawajasikia, Mzee. Maiki haina umeme."

Mzee akawageukia watu. "Inabaki!"

Chausiku akafungua koki, akashika kamba. Suhaib akajitosa katikati na kipande cha utepe mkononi. "Subiri, subiri! Mgeni rasmi azindue!"

"Toka hapa," alisema Chausiku, akavuta mara moja tu, ikawaka.