Kipa Aliyejikunja

Katika nchi ya Mbwego wanyama waligombania malisho, wakagombania maji, wakagombania hata kivuli. Jambo moja tu liliwaweka pamoja, wala majani kwa wala nyama, nalo ni mpira wa magongo. Siku ya mechi kila mmoja alijifunga kitambaa cha kijani, akaenda uwanjani akiwa raia kamili. Mfalme Kiboko alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana timu ilikuwa mali yake kama bwawa lilivyokuwa mali yake. Kocha alimchagua yeye, wachezaji aliwachagua yeye, na kombe alilipokea yeye, enzi zile makombe yalipokuwa bado yanakuja.

Raia walibakiwa na haki moja, wakaiita Kukaa. Mechi ikiisha, Mfalme alipanda kichuguu kilichokuwa kando ya uwanja, na mnyama yeyote, hata panya buku, aliweza kumuuliza swali. Waliotaka swali lile lijibiwe walikaa chini pale pale walipokuwa. Waliokaa wakizidi waliosimama, Mfalme hakuruhusiwa kushuka mpaka ajibu. Kiboko na jua hawapatani, ngozi yake hukauka ikapasuka, na walioiweka desturi hiyo walilifikiria hilo kabla ya kuchagua kichuguu kisicho na mti karibu.

Kwa miaka mingi haki hiyo haikutumika sana, maana timu ilikuwa inashinda. Nani akae chini amuulize Mfalme maswali wakati ngoma zinalia?

Kisha timu ikaanza kuoza. Swala, aliyekuwa anafunga hata akiwa na homa, aliachwa aende kwa wapinzani wa Mchangani kwa kosa la kumsalimia Mfalme huku akitafuna. Nafasi yake ya winga akapewa Kobe, shemeji wa Mfalme. Raia walipoguna, msemaji wa timu, Chiriku, aliruka juu ya tawi lake akasema, "Kobe ni mchezaji wa subira. Tunajenga timu ya kesho."

"Kesho ipi?" Nungunungu alipaza sauti kutoka jukwaani. Huyu alikuwa shabiki wa siku nyingi, mdomo wake mkali kuliko miiba yake. "Mechi ya juzi imeisha, Kobe bado yuko njiani kwenda kupiga kona!"

Wanyama walicheka mpaka wakashikana mabega. Walikuwa wanacheka sana siku zile, kama wanavyocheka watu waliokwisha kukata tamaa ya kusikilizwa.

Wa maana aliyebaki alikuwa Magamba peke yake, yule kakakuona aliyesimama golini. Goli la Mbwego ni dogo, upana wake kama mlango wa banda la kuku, na Magamba alilijua kama shimo lake la kulala. Nyumbani alikuwa na mdogo wake wa kike, Siwatu. Wazazi hawakuwepo tena, wala ndugu mwingine. Kila baada ya mechi Magamba alijilaza mlangoni, na Siwatu akamchokoa majani na udongo ulionasa kati ya magamba yake kwa kijiti, huku akimsimulia makosa aliyoyaona kutoka jukwaani.

"Ulichelewa kutoka kwenye lile la pili."

"Nilichelewa, ndiyo. Mabeki wangu wako wapi?"

"Mmoja alikuwa anamuangalia Mfalme."

Katika mechi na Mchangani, Swala yule yule alipiga mpira ukamgonga Magamba nyuma ya sikio, mahali pasipo na gamba. Magamba akayumba. Akaenda kwenye nguzo ya goli, akaiinamia, akaiomba radhi kama vile ameikanyaga. Jukwaa likacheka, likadhani ni mzaha. Siwatu hakucheka. Kocha alitazama kwenye kiti cha Mfalme, Mfalme akatikisa masikio, na mchezo ukaendelea. Mpira wa pili ukampata pale pale. Magamba akajikunja akawa mviringo, kama wanavyofanya kakakuona wakiona hatari. Wakambeba hivyo hivyo, wakaingia naye kwenye kambi ya timu.

Asubuhi yake Chiriku alitoa taarifa kwenye Mti wa Habari, ambako Kunguru wote wa kupeleka habari nchini walikuwa na matawi yao. "Kipa wetu ana jeraha la sehemu ya juu ya mwili," alisema. "Hali yake ni nzuri, na ana hamu ya kurudi uwanjani."

Kunguru mmoja aliuliza ni sehemu ya juu ipi. Kufikia jioni tawi lake lilikuwa limebadilishwa, akapewa lile linalotazama choo cha tembo. Wengine waliuliza kama Mfalme amefurahishwa na rangi mpya ya majukwaa, wakapata samaki.

Siwatu alikwenda mwenyewe kwenye lango la kambi. Chiriku alimpokea kwa adabu kubwa.

"Karibu, bibie. Wewe ni familia ya Mbwego."

"Nimekuja kumuona kaka yangu. Ameumia wapi?"

"Sehemu ya juu."

"Kichwani?"

"Kichwa ni neno zito, bibie. Timu haizungumzii kiungo kimoja kimoja."

"Basi nimuone tu, hata kwa mbali. Amefunguka?"

"Tunaheshimu faragha yake."

"Mimi ni mdogo wake, jamani. Sisi tuko wawili tu."

"Ndiyo maana tunaiheshimu zaidi," Chiriku alisema, akamfungia lango taratibu ili lisipige kelele.

Mechi iliyofuata Mbwego walifungwa vibaya. Golini alisimamishwa Sungura, ambaye kila mpira ulipokuja alitoka nje kuupisha. Mfalme alipopanda kichuguu, Siwatu alisimama. 

"Mtukufu, naomba kujua hali ya kaka yangu Magamba."

Nungunungu ndiye aliyetangulia kukaa. "Kaeni chini!" akawapigia wenzake kelele. "Mdogo wetu kauliza. Kaeni, au mmekuja kuangalia mgongo wa Kobe?" Uwanja mzima ukashuka chini kwa kishindo kimoja.

Chiriku akarukia bega la Mfalme, akanong'ona. Mfalme akajikohoza. "Magamba yuko pamoja nasi," alisema, akaanza kushuka.

"Hilo ni jibu?" Nungunungu aliuliza.

"Desturi inasema Mfalme ajibu," Chiriku alisema. "Haijasema ajibu nini."

Wakatazamana. Ni kweli, haikusema. Waliotunga desturi ile waliogopa mfalme atakayenyamaza, mfalme atakayesema bila kusema kitu hawakumuwazia.

Lakini hasira ya kufungwa ilikuwa bado mbichi, na hakuna aliyeinuka. Siwatu akauliza tena, kwa maneno yale yale. Mfalme akajibu kwamba afya ya wachezaji ni kipaumbele. Akauliza tena. Mfalme akajibu kwamba timu ni kubwa kuliko mchezaji mmoja. Jua likapanda. Ngozi ya mgongo wa Mfalme ilianza kung'aa, kisha ikafifia, kisha ikafanya nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Chiriku alimpepea kwa bawa lake dogo, na bawa lile halikusaidia kitu.

"Mtamuona!" Mfalme alinguruma hatimaye. "Mechi ijayo Magamba atakuwa golini. Mtamuona kwa macho yenu!"

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Nungunungu alimuinua Siwatu juu, kwa uangalifu, kwa sababu ya miiba. "Umeona, mdogo wangu? Ndiyo nguvu ya umma hiyo. Tukikaa, wanaongea." Siwatu alicheka na kulia kwa pamoja. Usiku ule alifagia mlango wa shimo na kutafuta kijiti kipya.

Baraza la Mfalme lilikutana bwawani. Walikuwa watatu tu: Mfalme, Chiriku, na Ngiri, Waziri wa Magongo, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kusema kweli akiwa na njaa.

"Mtukufu, umeahidi kitu kisichokuwepo," Ngiri alisema. "Yule kipa hafunguki. Kula hali, tunamnywesha maji kupitia upenyo. Mganga amesema aachwe mahali pa giza na kimya, na asiguswe kichwa hata na nzi."

"Anapumua?"

"Kidogo."

Mfalme akazama, akakaa chini ya maji kitambo, akaibuka. "Akiwa amejikunja hivyo, ana upana gani?"

Ngiri hakuelewa swali. Chiriku alielewa mara moja, maana ndiyo kazi yake. "Mpana wa kutosha, Mtukufu," alisema. "Na goli letu ni dogo."

"Lakini mipira itampiga," Ngiri alisema.

"Kipa ni nani, waziri, kama siye anayepigwa na mipira?" Mfalme aliuliza. "Leteni chakula. Waziri ana njaa."

Ngiri aliletewa viazi. Alikula vyote, na hakusema tena.

Siku ya mechi, mashabiki walipoingia walimkuta Magamba tayari yuko golini. Alikuwa mviringo mkubwa wa kahawia, amejaza nafasi kutoka nguzo hadi nguzo, na magamba yake yamepakwa mafuta yakametameta. Shingoni, au mahali ambapo pangekuwa shingo, alikuwa amefungwa kitambaa cha kijani.

"Magamba! Magamba!" Jukwaa liliimba mpaka vumbi likainuka.

"Kaka Nungunungu," Siwatu alimvuta mkono. "Hajafunguka. Tazama. Yuko vile vile walivyombeba."

"Yuko tayari, bwana! Amejipanga. Mtindo mpya huo."

"Kipa gani anadaka macho yamefumbwa?"

"Si ulitaka kumuona? Haya, umemuona. Furahi kidogo, mdogo wangu."

Mchezo ukaanza. Wapinzani walipiga mpira wa kwanza, ukamgonga Magamba ubavuni, ukarudi uwanjani. Shangwe. Wakapiga wa pili, ukarudi. Kila mpira ulipotua, Siwatu alisikia ule mlio, mlio mkavu kama wa kigae, na kila mara alijikuta amekunja mabega. Akaanza kushuka ngazi za jukwaa akisukuma watu, na wao wakamsukuma arudi, maana anawaziba. Wapinzani walipiga kwa hasira, wakapiga kwa ufundi, wakapiga wakiwa karibu kabisa. Hakuna kilichopita.

Karibu na mwisho, beki wa Mbwego alipiga mpira ovyo mbele, ukamgonga Kobe mgongoni alipokuwa bado anarudi kutoka kwenye shambulizi la kipindi cha kwanza, ukateleza, ukaingia golini kwa wapinzani. Filimbi ikalia. Mbwego walikuwa wameshinda, kwa mara ya kwanza tangu Swala aondoke.

Sijui kama kuna neno la kueleza kilichotokea jukwaani. Wazee walitupa mikongojo. Fisi alimkumbatia mbuzi na wote wawili walisahau nani humla nani. Kobe alibebwa juu juu. Kunguru waliruka huku na kule wakipeleka habari kwamba uongozi umethibitisha busara yake, na yule wa tawi la choo alipiga kelele kuliko wote, akitumaini kurudishwa.

Mfalme alipanda kichuguu, safi, ametoka majini sasa hivi. Siwatu akasimama mbele yake.

"Mtukufu, naomba niruhusiwe kuingia golini nimchukue kaka yangu. Naomba kujua kama bado yu hai."

Kisha akageuka nyuma kutazama waliokaa.

Walikuwa wote wamesimama. Walikuwa wanacheza, wanarushiana vitambaa, wanaimba jina la Magamba. Waliokuwa karibu walimsikia, na waliomsikia walimtazama kama mgeni aliyeingia na msiba kwenye harusi.

"Leo? Leo kweli, dada?" mmoja alisema.

"Mwache kaka yako ang'are, wewe. Wivu gani huo?"

"Msimu mzima tumelia. Tuachie hata siku moja."

Siwatu alimtafuta Nungunungu kwa macho, akampata. Nungunungu alikuwa na jasho, na furaha yake ilikuwa ya kweli, furaha ya mtu aliyeonewa muda mrefu. Alipoona macho yake aliinamisha kichwa. Magoti yake yakapinda kidogo, kama anayetaka kukaa. Kisha wenzake wakamshika huku na huku kumuingiza kwenye mduara, na magoti yakanyooka.

Siwatu alikaa chini peke yake.

Chiriku alihesabu waliokaa kwa unyenyekevu mkubwa, akitazama pande zote za uwanja ili asije akalaumiwa. "Swali halikupata wa kuliunga mkono," alitangaza. "Tunamshukuru bibie kwa mapenzi yake kwa timu." Mfalme akashuka kichuguuni kabla hata mgongo wake haujakauka.

Walipoanza kutawanyika, Siwatu alifika golini. Hakuna aliyemzuia, hapakuwa tena na haja ya kumzuia. Aliweka sikio kwenye magamba yaliyopakwa mafuta. Mengine yalikuwa yamepasuka, mengine yameng'oka. Ndani kabisa, mbali, kulikuwa na pumzi moja. Akasubiri mpaka akasikia nyingine.

"Kaka. Ni mimi."

Akaingiza kidole kwenye upenyo, akajaribu kumfungua, kama alivyokuwa akifanya walipokuwa watoto wakigombana. Mviringo ule ulizidi kukaza.

Nungunungu alikuja, amesimama mbali kidogo. "Mdogo wangu, usinichukie. Umeona mwenyewe walivyokuwa. Ningekaa peke yangu na wewe, ingesaidia nini?"

Siwatu akachomoa kidole taratibu.

"Ila nakuapia. Mechi ijayo, tukifungwa tu, nakaa. Na wote watakaa, nawajua. Tukifungwa tu."

Siwatu akageuka, akalitazama goli, nguzo hii na nguzo ile, na kaka yake aliyelijaza lote katikati.

Watumishi wa uwanja walikuja wakamwambia asogee, kwa upole, maana walimuonea huruma. Wakamviringisha Magamba kuelekea kambini, na mmoja wao akatangulia mbele kuondoa mawe njiani, asije akaharibika kabla ya mechi ya Jumamosi.