Neno Alilopewa na Daktari

Ionie Buckle na Valrie Dacres walikuwa chanda na pete. Tulifundisha sote shule moja, huku Saint Thomas, Jamaika.

Kimbunga kiliezua nyumba ya Ionie yeye akiwa ndani, amejibanza chini ya meza na mama yake. Tangu siku hiyo, upepo ukivuma kwa nguvu, akili yake huondoka. Macho yako wazi, chaki i mkononi, mwenyewe hayupo. Daktari mmoja wa Kingston akampa jina la hali hiyo: dissociate. Akamweleza kuwa akili hujitenga na mwili isije ikaumia. Ionie alimwambia Valrie peke yake. Mimi nilikuja kuyajua hayo baadaye, kwenye kikao cha walimu.

Serikali ilileta mabati ya kuezekea madarasa yetu mawili. Hatukuyaona shuleni, tuliyaona yakimetameta juu ya baa ya mwalimu mkuu, Bwana Thorpe. Ionie na Valrie wakaandika barua wizarani, wakatia sahihi wote wawili. Mimi niliogopa, sikutia.

Mkaguzi akaja, mama wa makamo, akatukusanya maktabani.

"Mwalimu Dacres, sahihi hii ni yako?"

Valrie akasimama. Hakumtazama mwenzake. "Ni yangu, mama. Lakini na barua hiyo najitenga." Alilitamka neno lilelile, dissociate, kama wanasiasa wanavyolitamka wakimkana mwenzao. "Ionie ndiye aliyenisukuma. Na tuseme ukweli, hayuko sawa. Muulizeni daktari wake, akili inajitenga na mwili! Huenda hayo mabati aliyaota."

Bwana Thorpe akaangua kicheko. "Si nilisema? Paa liliondoka na kichwa chake!"

Nilimwona Ionie akishika ukingo wa meza. Nilidhani ataanguka.

"Valrie," akasema polepole, "hilo nilikuambia jikoni kwangu, nalia." Kisha akamgeukia mkaguzi. "Ni kweli, mama. Upepo ukivuma mimi huondoka. Leo hata jani halitikisiki. Twende tukayatazame."

Tukaenda. Kila bati lilikuwa na mhuri wa wizara.

Thorpe alifukuzwa kabla ya Krismasi. Kiti chake akapewa Valrie, maana siku tatu kabla ya kikao Thorpe alikuwa amempendekeza kwa maandishi awe msaidizi wake, wizara ikakubali, na msaidizi ndiye hurithi kiti. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini aliikana barua.

Jumapili moja Valrie alimpelekea Ionie samaki wa kukaanga na mkate wa muhogo. Ionie alimkuta getini, hakufungua.

"Shoga, niliogopa. Nina watoto."

"Ungeniambia, tungeogopa pamoja."

"Nisamehe basi."

"Mimi nikiondoka, huwa sina hiari. Wewe ulikuwepo pale, mzima, akili zako zote, ukachagua."

Januari Ionie akahamia shule ya Port Morant. Mimi, niliyeyaona mabati nikanyamaza kikaoni, nilimbebea vitabu hadi kwenye gari. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni.